Baba Alianguka Kati ya Matuta ya Nyanya

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie, maana neno hili nimelimeza na limenikwama kooni. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na moja, nashonea sebuleni kwa baba yetu, na baba alikuwa na bustani nyuma ya jiko, matuta sita tu, nyanya, bilinganya, mchicha na pilipili, aliianza alipoacha useremala akaipenda kama mtoto wa uzeeni, na msimu huu, mwenyewe unajua jua lilivyowaka, maji ya bomba yakawa yanatoka saa sita hadi saa nane mchana tu, basi baba akawa anatoka na mpira wake wa maji jua la utosi, mzee wa miaka sabini na nne mwenye presha, tukasema naye mimi na mdogo wangu mpaka midomo ikakauka, mwisho tukakubaliana kwamba kila siku mmoja wetu atabaki nyumbani ajaze mapipa, baba amwagilie jioni kukipoa.

Siku hiyo mdogo wangu, ambaye ni msaidizi wa wauguzi, aliniuliza akiwa mlangoni anavaa viatu, "Dada, leo upo?" Nikamwambia, "Nipo, nenda." Na kweli nilikuwepo, nina sketi arobaini za shule za kukabidhi kesho yake. Maji yalipotoka baba akaja akasimama kando ya cherehani, akasema, "Mama, njoo unishikie mpira, leo kichwa kinanizunguka." Sikuinua uso. Nikamjibu, "Baba, hizo nyanya zako zitatuua. Kamwagilie mwenyewe, au ziache zikauke." Alivaa kofia yake akatoka, nami nikaendelea kukanyaga cherehani, nikasikia maji yanamwagika, yakamwagika saa nzima na zaidi, na moyoni nikafurahi kwamba yuko shughulini hanisumbui. Nilipotoka nilimkuta amelala ubavu kati ya matuta ya nyanya, mpira unatiririka mgongoni mwake, shavu moja limezama kwenye tope na la pili limebabuka kwa jua. Alifariki siku ya tatu bila kusema neno.

Kaka yetu mkubwa, dereva wa malori, alipofika hospitalini aliuliza, "Nani alikuwa nyumbani?" Mshauri, mdomo ulinitangulia. Nikasema nilikwenda kununua uzi, nikijua mdogo wangu yupo. Kaka akamgeukia yeye, na maneno aliyomwambia mbele ya watu siwezi kuyaandika hapa. Mdogo wangu alijitetea mara moja tu, "Lakini dada uliniambia upo," nami nikamjibu kwa upole, na upole huo ndio unaonitisha hadi leo, "Nilikuambia natoka, hukunisikia vizuri."

Sasa ni wiki ya saba. Mdogo wangu amehama, amepanga chumba karibu na kazini kwake, kaka hapokei simu zake, na juzi aliniandikia ujumbe, "Dada nisamehe, nadhani siku ile nilikuwa na haraka, sikusikia vizuri." Ameanza kuamini, mshauri. Na bustani imekauka, imebaki mibilinganya na mipilipili michache inayojikongoja, na mimi kufungua mlango wa nyuma siwezi, nikiugusa mkono unakufa ganzi. Je, nikiita mtu aing'oe yote na kumwaga saruji pale, nitapata utulivu?

Fundi wa Sebuleni

*

Fundi,

Pole kwa kufiwa, na pole kwa kumkuta mzazi wako katika hali ile. Ishike pole hiyo, ni ya kweli, kwa sababu yanayofuata hayana sukari.

Umemwaga moyo wako wote, halafu swali unaloniuliza ni la saruji. Hapana, mwenzangu.

Neno ulilomjibu baba ni la mtu aliyechoka. Wengi tumewajibu wazazi wetu hivyo, na jioni tukala nao sahani moja. Je, ungetoka mapema angepona? Sijui. Usinitafute nikuongopee kwa hilo, utaishi nalo kama wengine wanavyoishi na yao. Ila la mdogo wako halikuwa uchovu wala bahati mbaya. Ulilitenda ukiwa na akili zako timamu, na unalirudia kila asubuhi unapoamka ukanyamaza. Umemnyang'anya mtu masikio yake mwenyewe. Kafiwa na baba, katukanwa kwa kifo chake, na sasa anakuomba wewe msamaha. Hivi ule ujumbe uliusomaje ukaweza kurudi kwenye cherehani?

Kesho asubuhi nenda kwake. Si kwa simu, kwa miguu yako. Mwambie, "Ulisikia vizuri. Nilikuwa ndani. Nilidanganya." Usianze na sketi za shule, usianze na joto, na jikaze usilie kabla hujamaliza, maana ukilia atakubembeleza, na yeye ndiye wa kubembelezwa. Mweleze pia baba alikuomba nini na ulimjibu nini. Kisha mpigie kaka palepale, yeye akisikia. Kama kaka yuko barabarani, mwambie aegeshe lori kwanza. Atakutukana. Yapokee, matusi hayo ni yako, yalipelekwa nyumba isiyo yake.

Bustani usiiguse kwa saruji. Ni ya watoto wote watatu, na wewe umeshawaamulia wenzako mengi. Mlango utaufungua, mkono ukiwa na ganzi hivyohivyo. Ng'oa nyanya zilizokufa. Mimea iliyo hai ipe maji alfajiri au jua likishashuka, uyamwage shinani, usiloweshe majani, kisha funika udongo kwa nyasi kavu unene wa kiganja ili unyevu usikimbie. Mchana jaza mapipa na ubaki kivulini.

Kwa mdogo wako usidai msamaha siku hiyohiyo. Mwambie tu chumba chake cha nyumbani kipo, hakijaguswa. Akikufukuza, ondoka bila kubishana, na wiki inayofuata nenda ugonge tena.