Skrini Inayokula Maneno

4 Februari

Mwanangu,

Ingawa hii inapita kwenye mtandao, ni barua, na barua ina salamu. Kwa hiyo nakusalimu kutoka kwenye chumba changu cha kazi, ambacho leo kina joto la kuoka mkate. Mimi mzima. Ni bega la kushoto tu lina alama nyeusi kwa kugonga fremu ya mlango, mara ya tatu wiki hii. Ama mlango umepungua ama mimi nimenenepa, na wewe usithubutu kujibu hilo. Wasiwasi wangu ni wewe na huko kula kwako umesimama nyuma ya kaunta. Kula umekaa, chakula kipate njia.

Sasa shida yangu. Naieleza kwa barua kwa sababu kwenye simu wewe una wateja, na mimi naambulia "sawa Mama, sawa Mama". Skrini yangu imezeeka. Ni ile ile ya mraba uliyoniachia ulipoondoka. Imefifia, na siku hizi inakula maneno ya pembeni. Naandika, nasoma, naona mstari umetimia. Karatasi ikitoka kwenye printa, neno la mwanzo halipo, au mstari mzima umerukwa. Jumatatu karani wa wakili alinirudishia wosia. Mzee wa watu ana watoto sita, mimi nimeandika watano. Karani alicheka, lakini kwa mdomo tu. Mtu anayeitwa Hakosei mtaa mzima, miaka thelathini na moja ya kupiga chapa, amemfuta mtoto wa watu kwenye urithi wake!

Wakiacha kuniamini nimekwisha, maana sina kingine cha kuuza. Wewe ndiye unayeshinda dukani na hivi vitu. Nichagulie skrini ya bei ya mtu kama mimi. Sitaki ya kifahari, nataka isiyokula.

Mama yako

11 Februari

Shikamoo Mama,

Huku salama, ni kazi na miguu kuuma. Pole na bega. Mlango haujapungua, na zaidi ya hapo sisemi, bado naupenda urithi wangu.

Ugonjwa wa skrini yako naujua. Taa za ndani zimechoka. Kwa sasa bonyeza kitufe cha chini upande wa kulia, upandishe mwanga hadi mwisho. Kuhusu mpya, usiogope, bei yako ipo, ila ni lazima ujue unalipia nini. Wauzaji watakuimbia kasi ya picha. Hiyo ni ya wanaocheza michezo ya kupigana, wosia haukimbii. Ukifika dukani simama ubavuni mwa skrini uitazame kwa upande, kwa sababu zile dhaifu zinapauka hapo. Tena kagua tundu la nyuma. Kompyuta yako ni ya zamani, waya wake ni ule wenye kichwa cha bluu na sindano nyingi, na skrini mpya nyingi hazina tundu hilo. Unanunua rahisi, halafu unarudi kununua kiunganishi, unakuta umelipa kuliko jirani aliyenunua nzuri.

Lakini kubwa kuliko yote ni ukubwa wenyewe. Yako ni inchi kumi na saba, ndiyo maana maneno yanabanana huko pembeni. Ukipata pana, shida imekwisha. Ila usinunue sasa! Mwezi wa nne duka letu hupunguza bei kumaliza mzigo wa zamani. Ni miezi miwili tu, Mama, subira huvuta heri.

Halafu usijisumbue na karani. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye kigoda pembeni ya meza yako, upande wa kushoto, nikikusomea karatasi za watu huku vidole vyako vinakwenda bila wewe kuvitazama. Sikukuona ukikosea hata siku moja. Hiyo ni mashine, si wewe.

Mwanao

9 Machi

Mtaalamu wangu,

U hali gani na wateja wako? Mimi sijambo, sina la kulalamika. Leo nimemwaga chai juu ya kazi ya mwanafunzi, kurasa nne. Kikombe kilikuwa hapo hapo kando ya mkono na sikukiona; naona nina mawazo mengi. Dada fundi, yule mshonaji wa chumba cha pili, alizianika kwenye kamba yake, tukazibana na vibanio kama soksi. Tulicheka mpaka mwanafunzi mwenyewe akacheka.

Mwanga nimeupandisha hadi mwisho. Sasa skrini inaniwaka usoni kama taa ya gari, na bado inakula. Karani hajaleta kazi wiki ya pili hii. Nimekuja na wazo: fundi redio wa hapa kona ana skrini ya mtumba, inchi kumi na tisa, ina mkwaruzo mmoja, na kile kichwa cha bluu kinaingia. Bei yake naiweza leo hii. Niichukue?

Mama yako

12 Machi

Shikamoo Mama, mzima? Naandika haraka, kuna foleni.

Usiichukue. Ya mtumba hujui imetumikaje, na nukta za skrini zikishakufa hazifufuki. Rahisi ghali, wewe mwenyewe ulinifundisha. Zimebaki wiki chache tu. Isitoshe kuna moja nimeitia jicho hapa stoo: inchi ishirini na saba kwa bei ya ishirini na mbili, kisa boksi lake liliwahi kuloa. Ndani ni nzima kabisa, nimeiwasha mwenyewe. Nimeificha nyuma ya makatoni ya printa asiione mtu hadi siku ya punguzo. Vumilia.

Na chai uinywee mbali na meza.

Mwanao

22 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu na kukushukuru. Mzigo umefika na basi bila hata kona kubonyea. Dada fundi alinisaidia kuutoa kwenye boksi. Ni pana kama dirisha. Kabla hatujaiwasha alijitazama humo akapaka rangi ya mdomo.

Nzuri. Inang'aa. Kila kitu sawa. Mungu akubariki, najua umejinyima. Mimi mzima, kazi inaniita.

Mama yako

25 Aprili

Shikamoo Mama,

Mzima wewe? Mimi leo sitembei, naelea! Wenzangu wote nimewaambia: inchi ishirini na saba, ina tundu la bluu, inapanda na kushuka ili shingo isiumie, na bei ile. Meneja anasema laiti angejua ilikuwa nyuma ya makatoni angeichukua yeye. Karani akija mwambie sasa asome hadi nukta.

Barua yako ilikuwa fupi, nikasema hiyo ndiyo dalili ya kazi kurudi. Nipigie picha ya meza yako nione imekaaje.

Mwanao

14 Juni

Shikamoo Mama,

Hali yako? Wiki ya saba hii sijapata barua, na picha ya meza sijaiona. Kwenye simu unasema kazi ni nyingi, lakini nyuma yako siisikii printa. Jana nilimpigia dada fundi, nikajifanya nataka kushonewa suruali. Alizungukazunguka, mwisho akasema chumba chako hakijafunguliwa tangu mwezi wa tano. Umemwambia mgongo unauma.

Mama, kama ni ile skrini, niambie. Ina waranti ya mwaka mzima, naibadilisha hata kesho. Ina nini?

Mwanao

3 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu. Leo siandiki kwamba mimi ni mzima. Neno hilo nimeliandika miaka yote kwa mazoea ya vidole, kama ninavyoandika "wako mtiifu" mwishoni mwa barua za watu wasiomtii mtu yeyote.

Skrini yako haina kosa. Niliitumia siku mbili. Neno la kwanza lilikuwa huku na la mwisho kule, nikawa nageuza kichwa kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Siku ya tatu nikairudisha ile ya mraba, kwa sababu hiyo angalau niliweza kuikamata yote kwa mara moja. Nikakudanganya. Uliificha zaidi ya mwezi nyuma ya makatoni, ukaipeleka mwenyewe hadi kwenye basi. Ningekuambiaje kwamba zawadi yako imenishinda?

Mwezi wa tano karani aliniletea kazi moja, nadhani kwa huruma. Mkataba wa nyumba. Nikaruka mstari wenye jina la muuzaji. Safari hii hakucheka hata kwa mdomo. Nikafunga chumba, nikausingizia mgongo.

Dada fundi ndiye aliyegundua, wiki mbili zilizopita. Alikuwa ananipima gauni, akapitisha tepu kando ya uso wangu, iliponigusa sikio nikaruka. Akaniuliza, "Hukuiona ikija?" Akapunga mkono pale pale. Sikuuona. Akapunga upande wa pili. Akasema, "Mama, wewe unachungulia kwenye bomba." Alifunika cherehani yake na wateja wakiwa pale pale, akanipeleka hospitali.

Ni presha ya macho. Haiumi, na huo ndio ubaya wake. Inaanza kula pembeni kidogo kidogo, na mtu haoni kwamba haoni. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. La kushoto limebaki na kitundu cha katikati, la kulia lina nafuu kidogo. Nimepewa matone ya asubuhi na jioni ya kulinda kilichobaki. Daktari aliniuliza nilianza lini kujisikia tofauti. Nikasema Januari. Akauliza, "Sasa tangu Januari ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa nachagua skrini.

Nakujua, utaumia. Sikukuandikia ili uumie. Nimechoka tu kuandika "mzima".

Mama yako

7 Julai

Mama,

Nimeshindwa kuanza na salamu, utanisamehe hilo kwanza.

Barua zako zote nimezichapisha hapa dukani, nikazipanga kwenye kaunta. Bega lipo kwenye barua ya kwanza, juu kabisa. Kikombe kipo kwenye barua ya pili, juu kabisa. Yote uliniambia mahali pa salamu, na mimi mahali pa salamu huwa naruka, nakimbilia chini kutafuta shida iko wapi. Bega nililitania. Kikombe nilikuambia ukisogeze. Macho yako yalikuwa yanaliwa, na mimi nakueleza habari za tundu la bluu.

Lakini linaloninyima usingizi ni ile ya mtumba. Ungeichukua mwezi wa tatu, ukaiweka mezani, ikala maneno kama ile ya zamani, siku hiyo hiyo tungejua kwamba si skrini. Ulikuwa na bei yake mkononi. Mimi nikasema ngoja punguzo. Miezi ile niliyokufanya usubiri ilikuwa ya macho yako, na siwezi kuirudisha dukani ikabadilishwa.

Leo ameingia mwalimu mstaafu. Anataka skrini pana, anasema yake inamkata maneno pembeni. Nilikuwa na tatu za kumwonyesha. Nikamuuliza macho aliyapima lini. Akakasirika, akatoka. Nikamfuata hadi barabarani nikimsihi, akaniita mwendawazimu, akaingia duka la ng'ambo namwona. Meneja akaniuliza kama bado naitaka kazi. Nikamwambia nataka ruhusa.

Nafika Jumamosi. Nisamehe, Mama. Usiniandikie kwamba hakuna cha kusamehe, kwa sababu kipo.

Mwanao

10 Julai

Mwanangu,

Marahaba, ijapokuwa hukuniamkia.

Umesema nisiandike, basi siandiki. Hasira nawe nilikuwa nazo, nilizimaliza kwa siku mbili. Za kwangu mwenyewe bado ninazo. Nilijua kikombe kilikuwa pale. Nilijua mlango haukupungua. Kumwita mtaalamu wa skrini kulikuwa rahisi kuliko kumwita wa macho, maana skrini ikifa inanunuliwa nyingine.

Hali yangu, kwa mara ya kwanza naieleza ilivyo: katikati naona, pembeni hakuna kitu. Ngazi nashuka kwa kushika ukuta. Kile kibao cha Hakosei juu ya mlango nimekishusha mwenyewe, kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Karani sidhani kama atarudi, na simlaumu. Ila chumba nimekifungua tangu juzi. Dada fundi ananisomea kazi za watu huku anashona, mimi napiga, halafu ananisomea nilichopiga. Barua hii yenyewe nimeiandika bila kuwasha skrini. Vidole havikuugua. Amenisahihisha herufi mbili, na amejisifu mpaka mchana. Ile yako pana iko kwake, anawaonyesha wateja mitindo ya magauni, wanaona kila kishono. Usiirudishe.

Njoo Jumamosi, na ule umekaa kabla ya kusafiri. Nina ombi moja tu. Kigoda chako bado kipo pale pale pembeni ya meza, upande wa kushoto. Ukifika usikae hapo. Huko nitakusikia tu. Kivute ukilete mbele yangu, katikati kabisa, nikuone.

Mama yako