Mdiria na Mama Mkwe

Tanga, Jumapili, masika ya 1955. Mawingu tangu alfajiri. Mvua imetishia kutwa nzima na haikunyesha. Nimechoka. Miguu inauma, mgongo unauma, na moyo ndio usiseme.

Niandike sasa hivi, kabla sijajitafutia udhuru.

Wiki ya tatu hii Zaina, mke wangu, yuko kwao Pongwe. Hakuondoka kwa kelele. Alifunga nguo zake, akaniambia hakuna mwanamume mzima anayeamka kila Jumapili kabla ya jua kwenda kupiga picha ndege. Eti huko bwawani nina mtu. Mimi nikacheka, na kucheka kule ndiko kulikomwondoa. Lakini nimweleze nini? Siku sita niko studio mjini, nasafisha picha za maharusi na za watu wanaokuja kulalamika kwamba nimewatoa weusi. Siku ya saba nataka kutazama kitu kisicholalamika.

Basi leo nami nilikuwa bwawani, lile la nyuma ya reli, ambalo sisi wa Ngamiani tunaliita ziwa kwa kujipa ukubwa tu. Nalijua kama ninavyoujua uwanja wa nyumba yangu. Najua matope yanaanzia wapi, na kina mama wanaofua hufika saa ngapi. Nilifanya pupa kwa kuwapiga picha yangeyange, wale ndege weupe, mkanda ukabaki na nafasi ya picha moja. Hapo ndipo akatua mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayepiga mbizi kukamata samaki. Alitua kwenye tawi kavu, hatua sita kutoka nilipochutama. Miaka miwili namvizia!

Nikazuia pumzi.

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, "Hodi hapo, baba." Nikadhani ni mmoja wa wafuaji. Sikugeuka. Nilirusha mkono nyuma kama anayefukuza kuku, nikasema, "Sss! Toka!"

Nikabonyeza. Ndege akaruka. Nikageuka nikitabasamu, nimwombe radhi yule mfuaji.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Niliuona mgongo wake tu, na mwavuli wake mweusi, anavuka reli. Nikapiga ukelele, "Mama! Shikamoo, mama!" Hakugeuka. Mtu ambaye miaka saba sijathubutu kula mbele yake. Akipita napisha njia na macho nayainamisha. Leo nimemfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Lo, salale!

Nikafunga kamera. Kisha nikapanda baiskeli, nikashika njia ya Pongwe, nikiyapanga maneno ya kuomba radhi. Kila nikipanda mlima yanapotea, nayapanga upya.

Nilipofika, mama mkwe alikuwa ameshafika kwa basi. Zaina alinipokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama jana kalala mjini kwa dada yake makusudi," akasema. "Alfajiri kaenda bwawani akuone kwa macho yake, tuyamalize haya maneno. Anasema hakukukuta. Haya, ulikuwa wapi?"

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa mkekani anachambua mchele, hakuinua uso. Nikaelewa. Akisema kanikuta, itabidi aseme nimemfukuza, na aibu ile hakutaka mwanawe aisikie. Sijui kanisitiri mimi au kajisitiri mwenyewe. Ninachojua ni kwamba sitara yake ilinibana pabaya. Nikinyamaza, nina mwanamke. Nikisema, nimemvunjia heshima mkwe wangu, naye namfanya mwongo mbele ya mtoto wake.

Niliogopa. Sioni haya kuliandika hilo.

Nikasema yote. Mkono, sss, toka. Nikapiga magoti mbele ya mkeka ule, nikaomba radhi, na yale maneno niliyoyapanga hata moja sikulikumbuka.

Mama mkwe akaacha kuchambua. "Ee baba," akasema, "mtu kasitiriwa, kajivua mwenyewe!" Halafu akasema, "Haya, yamekwisha," kwa sauti ya mtu ambaye bado hayajamwisha, akainuka na ungo wake akaenda jikoni.

Zaina alinitazama, na tope langu hadi magotini.

"Kumbe kweli ni ndege," akasema.

Nilishusha pumzi. Nilidhani sasa atakwenda kufunga nguo zake, nimpakie nyuma ya baiskeli turudi. Hakwenda. Alikaa pale mama yake alipokuwa amekaa, akauliza polepole, bila hasira, na heri angekuwa na hasira:

"Na ningekuwa mimi niliyepiga hodi, ungegeuka?"

Nimerudi peke yangu. Kamera iko mezani, mkanda umo ndani, sina hamu ya kuusafisha. Najua nimempata yule mdiria, mkono wa mpiga picha hujua. Wala sifurahi.

Swali lenyewe si gumu. Njia nzima kutoka Pongwe nimekuwa nikilijibu kwa sauti, wapita njia wananishangaa: ndiyo, Zaina, ningegeuka, ndiyo. Lakini pale mkekani, nilipoulizwa, nilifikiri kwanza.

Naye aliniona nikifikiri.