Vitenzi Vitatu vya Mama Mkwe

Valladolid, 9 Septemba 1985

Mama mkwe mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Villarmiel. Natumaini u mzima, na lile goti ambalo Evelio anasema hukusumbua joto likianza kupungua limetulia. Sisi tu wazima. Mimi hasa ni mzima kupita kiasi: leo natimiza wiki saba za ndoa, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni nakimbia kama mtoto.

Mimi ni Sietske, mke wa mwanao. Najua hukuja harusini. Najua pia kwamba wewe na Evelio hamjaongea tangu maziko ya baba yake, miaka minne sasa. Sikuandikii kwa ajili ya hilo (nadanganya kidogo). Nakuandikia kwa sababu nilimaliza sekondari kwetu Frisia, Uholanzi, lakini Kihispania changu ni cha duka la kofia ninakofanya kazi: bei, saizi, asante, karibu tena. Evelio ameniambia ulifundisha shule ya kijiji miaka thelathini na nne. Basi nimekwama kwenye wakati uliopita wa mazoea, ule wa mambo yaliyokuwa yakitendeka siku baada ya siku. Vitenzi vyote vina adabu isipokuwa vitatu vikaidi: kuwa, kwenda na kuona. Nisaidie, mama. Nikishavijua, uniambie Evelio alikuwa mtoto wa namna gani, maana mwenyewe anasema alikuwa malaika.

Mkweo, anayekupenda kabla ya kukuona,
Sietske


Villarmiel, 17 Septemba 1985

Bibi Sietske,

Barua yako imefika. Goti liko kama lilivyo. Natumaini afya yako ni njema.

Nakurudishia barua hiyo ndani ya hii. Ina makosa thelathini na moja. Nimeyawekea kalamu nyekundu. Vitenzi hivyo ni vitatu tu katika lugha nzima. Watoto wangu wa miaka minane walikuwa wakivimaliza kwa wiki moja, na baadhi yao walikuwa wakila chaki. Era, iba, veía: alikuwa, alikuwa akienda, alikuwa akiona. Andika sentensi juu ya utoto wako, kwa vitenzi vyote vitatu. Sitaki hadithi za kubuni.

Evelio hakuwa malaika.

Mwalimu Eutiquia Lobete


Valladolid, 26 Septemba 1985

Mwalimu wangu na mama mkwe wangu,

Hujambo? Hapa hatujambo, ila Evelio amejikata kidole karakanani anakofanya kazi, kidogo tu, na mimi nimekifunga kwa kitambaa kirefu kana kwamba amevunjika mguu.

Nilimwonyesha barua yako. "Thelathini na moja!" akacheka. "Umepona, mke wangu. Mimi aliwahi kunipa arobaini kwenye kadi ya kumtakia heri." Halafu akaichukua na kwenda nayo dirishani. Nikamwuliza anatafuta nini. "Naangalia mwandiko tu," akasema. Aliangalia mwandiko robo saa, mama.

Hii ndiyo kazi yangu. Nilikuwa msichana wa miguu mirefu na soksi zisizofanana. Baba yangu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Majira ya baridi nilikuwa nikienda shule kwa kuteleza juu ya mfereji ulioganda, na ndugu yangu alikuwa akienda nyuma yangu akilia. Asubuhi nilikuwa nikiona mvuke wa ng'ombe kabla sijawaona ng'ombe wenyewe.

Sasa nipe mfano wa mwalimu. Niandikie juu ya baba mkwe Honorato. Evelio nikimtaja hubadilisha mazungumzo, na sina hata picha yake.

Mkweo mwenye bidii,
Sietske


Villarmiel, 4 Oktoba 1985

Sietske,

Nimepata yako. Mimi mzima. Kidole cha karakana kioshwe kwa maji ya chumvi.

Makosa tisa. Sentensi ya ng'ombe niliisoma mara mbili.

Mume wangu hayumo katika somo hili.

Mwalimu Eutiquia


Valladolid, 25 Oktoba 1985

Mama mkwe mpendwa,

Sitakuuliza habari ya goti, maana keshokutwa ni siku ya furaha! Nimechungulia cheti cha kuzaliwa cha Evelio nikaona wewe ulizaliwa tarehe ishirini na saba mwezi huu. Dereva wa basi la Villarmiel, bwana mwema mwenye sharubu, amekubali kukuletea zawadi yangu. Nimechagua maua niliyoona ndiyo mazuri kuliko yote dukani: shada kubwa la krisanthemumu za njano. Yachangamshe meza yako kama ninavyochangamka mimi nikiona bahasha yako.

Hongera, na uishi miaka mingi,
Mkweo Sietske


Valladolid, 29 Oktoba 1985

Mama mkwe,

Natumaini u mzima na kwamba bado unakubali kusoma barua zangu. Jana tulikuwa tunakula supu. Evelio akauliza, "Maua gani ulimpelekea?"

"Krisanthemumu. Makubwa kama kichwa cha mtoto."

Akaweka kijiko chini. "Sietske, hayo ni ya makaburini."

"Makaburini vipi? Kwetu yanakaa mezani, karibu na keki!"

"Kwenu. Hapa umempelekea mjane maua ya kaburi siku yake ya kuzaliwa, na Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ya kuwapelekea wafu maua, iko mlangoni."

Nilidhani atanifokea. Akacheka mpaka akapaliwa. Halafu hakucheka tena. "Sasa hataandika," akasema, na ndipo nikajua kwamba alikuwa akizisubiri barua zako kuliko mimi.

Nisamehe, mama. Usimwadhibu yeye kwa ujinga wangu.

Sietske


Villarmiel, 15 Novemba 1985

Sietske mwanangu,

Natumaini nyote wawili mu wazima. Mimi nina mafua, ya kujitakia, kwa kukaa juu ya jiwe lenye baridi.

Nilipofungua lile shada nilidhani ni kejeli. Jirani yangu Remedios akapiga kelele juu ya ukuta: "Eutiquia, wamekuzika mapema!" Nikayatia maua kwenye ndoo uani, na siku nne yakawa yananitazama. Tangu maziko sikuwahi kwenda kaburini kwa Honorato. Kila Watakatifu Wote nilikuwa nikifunga madirisha mpaka watu warudi. Mwaka huu niliona haya: kijiji kizima kinapita na maua kama yale, na yangu yaoze kwenye ndoo?

Remedios akanikuta njiani. "Ala! Kumbe njia unaijua?"

"Nyamaza, nishike mkono, goti linauma."

Nilikaa juu ya jiwe la kaburi hadi mlinzi akaja kufunga lango. Wiki mbili hizi nimekuwa nikifanya kazi yangu ya nyumbani. Hii hapa.

Honorato alikuwa mtu wa maneno machache na miluzi mingi. Alikuwa hodari kwa kila kitu isipokuwa kukata mkate. Kila asubuhi alikuwa akienda kwenye nyumba ya njiwa, akirudi na manyoya mabegani. Na ule mwaka Evelio alipokuwa akifanya kazi bandarini Rotterdam, kwenu Uholanzi, kila Jumapili alikuwa akienda kituo cha basi, eti kununua gazeti. Alikuwa akiona ni nani anashuka. Akirudi alikuwa akisema, "Labda Jumapili ijayo," akaanza kupiga mluzi.

Hakuwa na hasira na mwanawe hata siku moja. Mwenye hasira alikuwa mimi. Telegramu ya msiba ilimchelewea Evelio huko. Alifika kesho yake, baba yake amekwisha kuzikwa, nami nikasimama mlangoni nikamwambia hapa hakuna tena anayemsubiri. Haikuwa kweli siku ile, na si kweli leo. Msomee haya. Nimefundisha nusu ya kijiji kusoma, na nimeshindwa kumwambia mwanangu jambo moja kwa mdomo.

Barua yako ya maua sikuisahihisha.

Mama yako mkwe,
Eutiquia


Valladolid, 18 Novemba 1985

Mama,

Pole kwa mafua. Unywe maziwa ya moto na asali, na usikae tena juu ya mawe.

Nilianza kumsomea. Nilipofika kwenye gazeti akaichukua barua akasoma mwenyewe, amesimama, koti bado mwilini. Nikamwuliza, "Unasemaje?"

"Baba hakuwa akisoma magazeti," akasema. "Alikuwa akiwashia jiko."

Kisha akaniomba kalamu. Miaka minne, mama, na yeye anaomba kalamu kama anaomba chumvi! Nampenda mpaka naona aibu. Namwachia karatasi iliyobaki.

Mwanao Sietske

Mama,

Natumaini u mzima. Tutafika Jumapili kwa basi la saa tano. Usimwendee baba kaburini kabla yangu. Nataka nimwambie mwenyewe kwamba nimeshuka.

Mwanao,
Evelio