Foleni ya Kuku wa Mtalaka Wangu

Ijumaa, 6 Juni

Redio — mwenzangu wa meza ya pili kazini, hazimiki hata kwa dawa — kaleta tangazo. Kesho na keshokutwa magari ya chakula kumi na mawili yanakusanyika kwenye maegesho nyuma ya maktaba. Muziki, viti vya plastiki, kula mpaka basi! Nikasoma orodha. La saba: gari la mtalaka wangu. Lile kopo bovu aliloachia kazi ya bima. Nilimwambia achague, mimi au gari. Akachagua bati. Mwaka mzima sasa, na niliapa sitaonja hata mfupa wake.

Siendi ng'o.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda. Basi tena.

Kofia pana, miwani myeusi ya dada. Jua zuri, watu tele, moshi mtamu mpaka kwenye nywele. Nimekula viazi gari la kwanza, aiskrimu gari la pili, nikacheza na babu mmoja mwenye kiuno chepesi kuliko changu. Raha! Lakini foleni ndefu kuliko zote ilikuwa kwake. Roho iliniuma. Nilitaka biashara imdodee, mshenzi yule, walau kidogo.

Nikamtuma Redio. Kuku wa kuchoma ndani ya mkate, ngozi ibabuke, pilipili iwekwe chini siyo juu, tango litolewe. Karudi na kuku na salamu: mpishi kasema mwenye pilipili ya chini kesho asitume mtu, aje mwenyewe.

Mjinga mimi! Nani mwingine duniani anakula hivyo?

Kuku mtamu, alaaniwe. Nimelamba mpaka karatasi.

Jumapili, 8 Juni, saa nane mchana

Naandika kwenye kijitabu cha oda. NDANI ya gari lake.

Nilikuja kumpa vidonge vyake tu. Nikakuta wifi yangu, anayepokea oda, kabaki nyumbani, mtoto ana homa. Bwana yuko peke yake, anachoma, anafunga, anajibu, jasho chururu, watu wananung'unika. Sikuvumilia. Nikapanda, nikavaa aproni, nikaipanga ile foleni kwa ukali. Asante hakusema. Kasema nitoe kiwiko kwenye chumvi. Kama zamani vile! Nimecheka, kisha nikachukia kwamba nimecheka. Nilimkumbuka mtu huyu. Haya, nimeandika, nife sasa.

Ngoja, mteja —

Uwiii. Mama wa watu kaniuliza hapa dirishani, mbele ya foleni nzima, kama mimi ndiye mkewe. Nimeinama, najifanya naandika oda yake. Koleo lake nyuma yangu halisikiki tena. Harufu hiyo — kuku wanaungua! Aliyeniacha kwa ajili ya kuku, leo wanaungua mbele yake na hawageuzi.

Mama anauliza tena.