Inaanzia Mkono Gani?

Jumanne, mwezi wa saba. Sumbawanga imeamka na baridi yake ile ya kuvaa sweta juu ya sweta na bado ukatamani kukaa karibu na jiko. Mimi jiko nimeanza kuliogopa. Wiki iliyopita nilizinduka nimelala sakafuni kando yake, maji ya chai yamekauka sufuriani, ulimi nimeung'ata. Ningeangukia upande wa pili, leo nisingekuwa naandika.

Nina kifafa. Mnaopita kwenye ukurasa huu mara kwa mara mnajua, wageni karibuni.

Leo nilirudi hospitali kuchukua majibu. Daktari ni kijana, aliniamkia shikamoo kabla hajakaa, nikampenda kwa hilo. Siku ya kipimo walinivalisha kofia yenye nyaya kupima mawimbi ya ubongo, wakaipa kompyuta yenye akili mnemba isome. Nilikuwa na matumaini ya kijinga, nikidhani mashine itanieleza maisha yangu yote. Ikasema mawimbi yako sawa.

Daktari akanieleza kwamba hiyo haimaanishi sina ugonjwa, ila tu siku ile ubongo ulikuwa umetulia. Vidonge ninavyomeza tangu usichana vimeacha kunitosha, na kabla ya kunibadilishia anataka kujua kifafa changu ni cha aina gani, maana dawa inayomsaidia mmoja inaweza kumzidishia mwingine. Kwa hiyo anaomba video. Mtu anirekodi kwa simu ninapoanguka, ile akili mnemba iipitie picha kwa picha, na yeye aitazame pia kwa macho yake.

"Tunachotaka kuona ni mwanzo, mama," akasema. "Inaanzia mkono gani?"

Swali hilo nilishawahi kulisikia.

Nilikuwa mtoto. Tulikuwa tumehamishwa karibuni kutoka kwetu mlimani kuja kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, jirani akikohoa unamsikia. Nikaanguka kwenye shamba la kijiji, katikati ya palizi, watu wote wapo. Mganga wa zahanati alipofika akauliza vilevile, inaanzia mkono gani? Hakuna aliyejua. Walikuwa wametupa majembe wakakimbia, maana waliamini povu langu likimgusa mtu naye ataanza kuanguka. Mama peke yake ndiye aliyebaki, na yeye alinifunika kitenge mwili mzima ili watu wasinione. Kwa hiyo naye hakuona.

Kijiji kizima, na hakuna aliyeniangalia.

Nyumbani kopo langu la maji lilikuwa na msumari wake ukutani, mbali na mengine, na wadogo zangu walijua kutoligusa. Simlaumu mama, alikuwa anawalinda kwa jinsi alivyojua. Lakini mazoea yale nimezeeka nayo. Sikuolewa. Nashona nguo za watu, nakaa peke yangu, na kabatini nina kikombe kimoja.

Sasa nani anirekodi? Niliwaza hivyo kutoka hospitali mpaka nyumbani. Nakubali, mashine inaweza kuona kitu ambacho hata daktari angekipita. Lakini haiwezi kuja kukaa kwangu asubuhi ikisubiri nianguke. Inataka niwe na mtu. Nililia kidogo njiani, nikasingizia vumbi.

Nikajikuta mlangoni kwa jirani yangu Mama Nassoro, ambaye familia yake ina duka na malori. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka mingi, na kati yetu ni salamu na gauni la Idi ninalomshonea tu. Nilimweleza haraka haraka bila kumtazama: huwa inanijia asubuhi nikiandaa chai, simu ndiyo hii, unabonyeza hapa. Nikageuka niondoke. Ndipo akauliza, kama mtu aliyekasirika:

"Sasa dada Skola, mikono yangu ikishika simu, wewe nitakushika na nini?"

Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anaweza kutaka kunishika.

Nikamwambia kwamba daktari hataki mgonjwa akandamizwe wala atiwe kitu mdomoni. Ni kumgeuza ubavu, na kumwekea kitu laini chini ya kichwa. Simu tutaiegemeza kwenye cherehani, ijirekodi yenyewe. Akasema basi atakuja kunywa chai kwangu kila asubuhi mpaka hiyo video ipatikane, na jiko atawasha yeye.

Nimetoka dukani kwao sasa hivi. Nimenunua kikombe cha pili, nimekiosha, nimekiweka kando ya changu. Nimekaa nakitazama.

Sijui hata anaweka sukari kiasi gani.