Bolti Mbili za Breki ya Mbele

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na ule mgongo umeacha kukusumbua. Mimi nakula, natembea, lakini uzima wenyewe siuoni.

Najua ulisikia tulianguka. Ulichosikia ni nusu.

Unaikumbuka pikipiki yangu kubwa ya safari, ile ambayo wifi yako aliiita mke mwenzake. Kila baada ya safari huihudumia mwenyewe hapa uani: namwaga oili, nasafisha mnyororo, nakaza nati. Fundi wa mtaani alinionya kwamba breki hutaka watu wawili, mmoja afunge, mwingine akague. Nilimcheka, nikamwambia fundi asiyetisha wateja hufa njaa.

Basi Jumamosi nikabadilisha pedi za breki ya mbele, na Jumapili asubuhi mimi na wifi yako tukaondoka. Kwenye mteremko, lori likapunguza mwendo mbele yetu. Nikabana breki. Chuma kikalia, gurudumu la mbele likakwama, tukarushwa. Mimi nilichubuka viwiko tu. Wifi yako wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Hii ni wiki ya tatu nakaa kando ya kitanda chake, na kila siku, Dada, ananiomba msamaha. Anasema ni yeye aliyenigusa bega nitazame alizeti zilizochanua, ndiyo maana sikuliona lori. Analia hadi shuka linalowa. Nami humjibu kwamba nimeshamsamehe. Wauguzi wananisifu kwa moyo wangu.

Dada, lori nililiona mapema. Pikipiki iliporudishwa nyumbani niliikagua peke yangu. Pale breki inaposhikiliwa, bolti moja haipo. Ya pili inazunguka kwa vidole. Nilizitia kwa mkono tu, wifi yako akaniita chai imeiva, nikaenda. Sikurudi na spana.

Mchana huu nimemsomea barua hii, kuanzia salamu hadi hapo kwenye spana. Aliutoa mkono wake mkononi mwangu, akageukia ukuta.

Nisalimie shemeji na wapwa wangu wote. Ukiweza, njoo upesi. Usije kuniliwaza mimi, sistahili. Njoo umlishe wifi yako, maana tangu mchana kijiko changu amekikataa.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja