Mfumo Aliouchagua Aline

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa saba

Umeme umekatika tena wakati wa chai. Nikachomoa plagi zote kama kawaida: friji, televisheni, redio ya Maman. Hiyo ni kazi yangu katika nyumba hii ya mtaa wa Muhumba tangu Papa alipokufa, maana umeme ukirudi hurudi kwa hasira na kuunguza vitu.

Mdogo wangu Christian alifika jana kutoka Kamituga na mke wake, vumbi hadi kwenye kope. Wameleta kompyuta ndogo nyeusi ya kuunganisha na televisheni sebuleni. Itaonyesha filamu, na itatunza picha na video zote za familia. Wazo ni langu. Nililisema kwenye matanga mwaka jana, mbele ya watu: siku ya kuondoa matanga tumwone Papa, tumsikie akisema mwenyewe. Maman anaingoja siku hiyo kwa sababu ya sauti ile tu.

Misa ya kuondoa matanga ni tarehe 15. Kompyuta bado tupu, haina mfumo wowote ndani. Nitaiwekea Windows kesho, kazi ya alasiri moja.

Alhamisi, tarehe 6

Sijaweka kitu. Aline ana maoni.

Aline ndiye mke wa Christian. Wameoana Pasaka iliyopita. Binti wa Goma, amesomea mambo ya kompyuta. Anasema Windows ni nzuri kwa ofisi, lakini mashine ya kushinda imewaka, kutunza vitu na kuonyesha filamu inahitaji mfumo mwingine. Anataka Linux, ya aina iliyotengenezwa kwa kazi ya kuhifadhi. Haiuzwi, haiugui virusi vya flash za watu, na umeme ukikatika ghafla haichanganyikiwi sana. Filamu zitajipanga kwenye televisheni kwa picha kubwa, na Maman atatumia telekomande ya televisheni tu.

Nikauliza nani ataitengeneza wakisharudi Kamituga. Windows naijua nikiwa nimefumba macho. Akasema kwa adabu kwamba atanifundisha. Kwa adabu! Heri angenitukana.

Maman akauliza swali moja: "Ile ya Aline iko na picha kubwa?" Basi. Uchaguzi ukaishia hapo.

Miaka yote, kompyuta katika familia hii ni mimi. Simu ikizimika, ni mimi. Hata ofisini Nguba, printa ikigoma, wananiita mimi. Nina miaka arobaini na moja, sina mume, sina mtoto. Nina hilo. Sasa amekuja msichana wa juzi juzi na kulichukua, na kila mtu anapiga makofi.

Namwonea wivu. Nimeandika, basi.

Jumapili, tarehe 9

Mfumo umeingia na unafanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu yake.

Maman ameshika telekomande kama waziri. Majirani wamekuja baada ya misa. Akawaambia ni Aline aliyetengeneza, mwana wake Aline. Mimi niko pale na sinia ya soda. Kwamba wazo lilikuwa langu, hakuna aliyekumbuka. Aline anaitwa mwana wangu. Mimi naitwa Nabintu.

Aline akaanza kutueleza kwa nini ameweka diski mbili badala ya moja. Nikaenda jikoni kuangalia maharage. Maharage yalikuwa hayajabandikwa.

Christian amefuta diski yake ya nje, ile iliyokuwa na video za Papa, ili ajaze filamu za kupeleka Kamituga. Anasema kila kitu sasa kiko ndani ya mashine. Kaseti zenyewe zililiwa na ukungu zamani.

Jumanne, tarehe 11

Asubuhi sauti ya televisheni ilipotea. Maman akaita, "Aline!" Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Telekomande ilikuwa mkononi mwangu.

Nimekuwa mtu wa kuhesabia mwenzake makosa, na huyu hana kosa, anaosha hata vyombo.

Nimepata kitu lakini. Mashine ikifa, diski hizo nani atazisoma? Hapa mjini wote tuna Windows. Nitamwonyesha Maman kwamba huyu ametufungia Papa ndani ya sanduku lisilo na ufunguo.

Alhamisi, tarehe 13



Maman na Aline walikwenda soko la Kadutu kununua sambaza, samaki wadogo wa Jumamosi. Christian alikuwa gereji. Nikazima mashine, nikaifungua, nikatoa diski moja na kuiunga kwenye laptop yangu. Nilitaka tu kupiga picha ya kioo cha laptop: mwaona, haisomeki. Na kweli haikusomeka. Windows ikaandika kwamba diski inabidi iformatiwe kwanza, yaani ifutwe yote, ndipo itumike. Ndiyo au hapana.

Ujumbe huo nauona kila wiki. Watu wa ofisi wananiletea flash zao zimejaa virusi, nami nabonyeza ndiyo, naformati, narudisha, wanashukuru. Kidole kinaijua njia. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa mazoea tu. Mazoea yalikuwepo. Lakini swali nililisoma. Nikamsikia Maman akiita Aline, na mimi niko kando yake. Nikabonyeza.

Haikuchukua hata muda wa kujuta. Diski nyeupe, tupu. Nikairudisha mahali pake, nikafunga skurubu, nikaiwasha mashine.

Nimemuua Papa mara ya pili. Na kuna kitu kibaya zaidi, nakiandika kwa sababu hakuna atakayesoma: nilifikiri kwamba lawama itamwangukia Aline, na kwa kitambo nikafurahi.

Ijumaa, tarehe 14

Asubuhi maandishi mekundu kwenye televisheni: diski moja ina tatizo. Maman akakaa chini na kushika kichwa. Kesho watu wanakuja.

Aline akapiga magoti mbele ya mashine. Akaokota kitu kwenye mkeka. Skurubu. Nilikuwa nimeisahau hapo. Akaiangalia, kisha akaangalia ukuta. Hakuniangalia mimi.

Maman akauliza ni nini. Aline akamjibu kwamba ni umeme:

"Iko courant, Maman. Ilirudi mubaya. Lakini usiogope, Papa iko."

Akabonyeza, na Papa akatokea, amesimama mbele ya kwaya yake. Sikuelewa kitu. Aline akamweleza Maman polepole. Diski ni mbili, na kila kinachoandikwa kwenye moja mfumo unakiandika pia kwenye ya pili. Moja ikiharibika, nyingine ina kila kitu. Ndilo alilotaka kutueleza Jumapili, nikakimbilia maharage yasiyo motoni.

Akaiingiza tena diski tupu kwenye mfumo, na sasa mashine inaijaza upya yenyewe. Maman akawatukana watu wa umeme mpaka pumzi ikamwisha. Mimi nilikuwa naitikia: ndiyo, watu wabaya, ndiyo, Maman.

Jumamosi, tarehe 15

Misa. Watu wengi hadi barazani. Bugali, sambaza, pombe ya ndizi, kasiksi, kwa wazee.

Video ya siku nilipopata diploma. Nilikuwa nimeisahau. Papa amevaa koti lake la kahawia, ameshika chupa ya soda kama mikrofoni. Akasema kwa wote, "Huyu Nabintu, mwana wangu huyu." Sebule nzima ikageuka kuniangalia. Maman alikuwa analia na kucheka. Sikujua pa kuweka macho. Aline alikuwa amesimama mlangoni na sahani.

Jumatatu, tarehe 17

Wamerudi Kamituga leo asubuhi.

Jeep ikiwa bado inapakiwa, Aline aliniita sebuleni. Akanipa neno la siri, akanionyesha kila ukurasa wa mfumo, jinsi ya kuzima, jinsi ya kujua diski ipi ni nzima. Safari hii nilisikiliza. Si mgumu. Kisha akawa anafunga kitenge chake upya, akaniita yaya, dada mkubwa, akasema bila kuniangalia:

"Yaya, siku ingine ukitaka kutosha disque ndani ya mashini, uniite kwanza. Nitakuambia ya kutosha ni gani."

Hakucheka. Hakukasirika. Nikasema ndiyo. Akachukua mfuko wake na kupanda jeep.

Bado namwonea wivu. Si kwa sababu ya kompyuta tena. Ningekuwa mimi, skurubu ile ningeinyanyua juu watu wote waione.

Jioni sauti ya televisheni ilipotea. Maman akaita, "Aline!" Akakumbuka kwamba ameondoka, akaita, "Nabintu!"

Nikaenda.